Mwongozo kamili wa kubuni kiolesura cha draiva ya kerneli kwa ajili ya TEE na programu dhibiti salama

Draiva nyingi za kerneli huzungumza na kifaa kinachotii: unaandika namba kwenye rejista, kifaa kinafanya kazi, katizo linarudi. Draiva inayozungumza na mazingira ya utekelezaji yanayoaminika, ambayo kwa kifupi huitwa TEE, au na programu dhibiti salama iliyo chini ya mfumo endeshi, iko katika hali tofauti kabisa. Upande wa pili kuna programu kamili yenye kumbukumbu yake, nyuzi zake, funguo zake za siri na kasoro zake, na kerneli haina uwezo wa kuichungulia wala kuizima. Juu ya kerneli kuna programu za mtumiaji, ambazo nazo haziaminiki. Kiolesura unachobuni kinasimama katikati ya pande tatu, na kila upande una sababu ya kuushuku mwingine.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanaoandika draiva za Linux, ingawa mengi yaliyomo yanahusu mfumo wowote. Mtu akiniuliza ni nini hasa huharibu violesura vya aina hii, nitamjibu kwamba ni umiliki, kuliko hata umbo la ujumbe. Kipande cha kumbukumbu kimekabidhiwa upande salama, mchakato uliokikabidhi umekufa, na hakuna aliyeandika popote ni nani anayepaswa kukirudisha. Kwa hiyo katika kila hatua iliyo hapa chini, jiulize kitu hiki ni cha nani kwa sasa, na kitakuwaje mwenye nacho akitoweka.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba kiolesura kipya kinahitajika

Kiolesura kikishaingia kwenye kerneli na programu zikakitegemea, hakiondoki tena. Tafuta kwanza mahali palipokwisha kutengenezwa. Linux ina mfumo mdogo wa TEE tangu toleo 4.12 la mwaka 2017, uliotokana na kazi ya Jens Wiklander, na ndani yake zimesajiliwa draiva za TEE mbalimbali, kama OP-TEE, AMD-TEE na nyinginezo. Kama TEE yako inafungua vikao, inapokea amri na kutumia kumbukumbu ya pamoja, sajili draiva yako humo na utumie ioctl zilizopo (yaani wito ambao programu hutumia kuiamuru draiva) kupitia `/dev/tee0`.

Mara nyingi hata huko hakuhitajiki. Ikiwa huduma iliyo ndani ya TEE hutoa namba nasibu, mtumiaji hana haja ya kujua kwamba TEE ipo: draiva ndogo iliyo juu ya basi la TEE, ambako kila huduma hutambuliwa kwa UUID yake, yaani kitambulisho cha kipekee, inaweza kuisajili huduma hiyo kama chanzo cha kawaida cha `/dev/hwrng`. Ikiwa huduma inafunga na kufungua funguo, mfumo wa funguo wa kerneli unaikubali TEE kama msingi wa funguo za kuaminika tangu toleo 5.13.

Ripoti za uthibitisho za mashine pepe za siri, yaani zile ambazo hata mwenye seva hapaswi kuzichungulia, zilipitia njia ndefu zaidi. Mwanzoni kila mtengenezaji wa vichakataji alikuwa na faili lake la kifaa na ioctl zake, na kila programu ilibidi ijifunze zote. Tangu toleo 6.7 ipo njia moja: programu huunda saraka chini ya `/sys/kernel/config/tsm/report`, huandika data yake ya kipekee kwenye `inblob`, kisha husoma ripoti kutoka `outblob`. Pembeni kuna faili dogo liitwalo `generation`, ambalo hesabu yake hupanda kila mara mtu anapoandika kwenye saraka hiyo. Programu ikiona hesabu imepanda kuliko ilivyotarajia, inajua kwamba mwingine amebadilisha ombi kabla ripoti haijasomwa, na inaitupa ripoti hiyo. Ninalipenda faili hilo kwa sababu aliyelibuni alijiuliza mapema ombi ni la nani, akaweka jibu mahali ambapo programu yoyote inaweza kulisoma.

Hatua ya 2: Andika nani anamwamini nani

Fanya hivi kwenye karatasi kabla ya kuandika msimbo wowote, kwa sababu mwelekeo wa imani haufanani katika teknolojia zote. Kwenye Arm TrustZone, upande salama una mamlaka juu ya kumbukumbu ya upande wa kawaida, kwa hiyo kerneli haiwezi kujikinga na TEE yenye nia mbaya. Inachoweza ni kujikinga na TEE yenye kasoro. Kwenye AMD SEV-SNP au Intel TDX hali imegeuka: kerneli iliyo ndani ya mashine pepe ndiyo yenye siri, na haipavaiza, yaani programu inayoendesha mashine pepe na kubeba ujumbe wake, ndiyo inayoshukiwa. Kwenye Intel SGX, enklevu, yaani eneo la kumbukumbu lililofungwa ndani ya programu ya mtumiaji, haiiamini kerneli yenyewe.

Tofauti hizi huamua ni wapi unakagua. Draiva ya mashine pepe ya siri inalazimika kukagua kila urefu, kila namba ya kosa na kila anwani inayotoka kwa haipavaiza kwa ukali uleule unaotumika kwa data ya mtumiaji. Draiva iliyoandikwa kwa dhana kwamba jibu linatoka kwenye maunzi, na maunzi hayadanganyi, haifai kuhamishiwa huko bila kupitiwa upya mstari kwa mstari.

Hatua ya 3: Panga njia ya kuvuka

Kwenye Arm, kuvuka hufanywa kwa agizo la SMC, au HVC pale haipavaiza inapokuwa katikati, kwa kufuata mkataba wa wito uitwao SMCCC. Namba ya huduma ina biti 32 na kila fungu la biti lina maana. Chukua 0xC4000003, ambayo ni CPU_ON ya PSCI, kiolesura sanifu cha kuwasha na kuzima vichakataji. Biti ya 31 ni moja, maana yake wito huu ni wa haraka na haukatizwi. Biti ya 30 ni moja, maana yake unatumia rejista za biti 64. Biti za 29 hadi 24 zinatoa 4, ambayo ni familia ya huduma sanifu za usalama. Biti 16 za chini zinatoa namba ya huduma yenyewe, yaani 3. Ukibuni huduma zako mwenyewe, chagua familia iliyotengwa kwa ajili yako: 2 ni ya mtengenezaji wa chipu, 3 ni ya mtengenezaji wa kifaa, na 50 hadi 63 ni za mifumo endeshi salama. Kuvamia familia ya mwingine huzaa mgongano ambao hautaonekana mpaka siku programu dhibiti mbili zitakapokutana kwenye bodi moja.

Wito wa haraka hushika kichakataji bila kukikatiza, kwa hiyo uuweke kwa kazi fupi tu, kama kuuliza toleo au kubadilisha hali. Kutia sahihi kwa ufunguo wa RSA au kusoma hifadhi salama ni kazi ya wito unaoachia, ambao katizo likitokea hurudi upande wa kawaida, katizo likashughulikiwa, kisha kazi ikaendelea ilipoishia. Ukikosea hapa, mfumo mzima utakwama kwa vipindi visivyoelezeka, na wataalamu wa sauti na michoro watalaumiwa kwa kosa lako.

Kabla ya wito wa kwanza wa kazi, gundua aliye upande wa pili. Huduma isiyojulikana hurudisha -1, na kulipokea jibu hilo ni sehemu ya kawaida ya kazi ya draiva. Draiva ya OP-TEE huuliza kwanza utambulisho wa aina ya UUID na kukataa kuendelea usipolingana, halafu huuliza toleo, halafu hubadilishana orodha ya uwezo. Fuata mpangilio huohuo. Orodha ya uwezo ina manufaa kuliko namba ya toleo pekee, kwa kuwa programu dhibiti ya zamani iliyoongezewa kipengele kimoja inaweza kukitangaza bila kujifanya mpya.

Hatua ya 4: Umbo la ujumbe kutoka kwa mtumiaji

Sheria za hapa zimekwisha kujulikana, kwa hiyo nitazitaja kwa mfano mmoja:

```
struct hifadhi_ombi {
	__u64 data; /* kielekezi cha mtumiaji */
	__u32 urefu;
	__u32 alama;
	__u32 kikao;
	__u32 akiba; /* lazima iwe 0 */
};
```

Kielekezi kimewekwa kama `__u64` ili programu ya biti 32 iliyo juu ya kerneli ya biti 64 itume muundo uleule. Jumla ni baiti 24, ambazo hugawanyika kwa 8. Bila sehemu ya `akiba` muundo huu ungekuwa na baiti 20 kwenye x86 ya biti 32 na baiti 24 kwenye ile ya biti 64, na hitilafu ingejificha mpaka mteja wa kwanza mwenye programu ya zamani alalamike. Sehemu ya `akiba` na kila biti ya `alama` usiyoielewa lazima ikataliwe kwa `-EINVAL`. Ukizipuuza leo, programu zitajaza takataka humo, na siku utakapotaka kuzitumia utakuta haziko huru. Kwa miundo inayotarajiwa kukua, tumia `copy_struct_from_user`, iliyopo tangu toleo 5.4, ambayo hukagua yenyewe kwamba baiti za ziada kutoka kwa mtumiaji ni sifuri.

Soma data ya mtumiaji mara moja tu. Mfumo mdogo wa TEE hunakili kichwa cha ombi, husoma humo idadi ya vigezo, kisha hudai kwamba ukubwa wa kichwa pamoja na vigezo hivyo, kila kimoja kikiwa na baiti 32, ulingane kikamilifu na urefu uliotangazwa. Usawa kamili una nguvu kuliko kuridhika kwamba urefu unatosha, kwa sababu hauachi baiti yoyote isiyo na maelezo.

Hatua ya 5: Kumbukumbu ya pamoja

Hapa ndipo ninapokuomba utulie, maana sehemu nyingine zote zinaweza kurekebishwa baadaye kwa gharama inayovumilika, lakini hii huwa haikubali.

Kipande cha kumbukumbu ya pamoja kina wamiliki zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja: mchakato uliokiramani (yaani uliokiunganisha na anwani zake), faili lililofunguliwa linalokiwakilisha, wito unaoendelea, na TEE yenyewe ambayo huenda imekisajili kwa muda mrefu. Kila mmoja wao lazima ahesabiwe. Mwaka 2021 iligunduliwa kasoro katika mfumo mdogo wa TEE wa Linux, iliyopewa namba CVE-2021-44733, ambayo kila anayeandika draiva ya aina hii anapaswa kuielewa. Kipande cha kumbukumbu kilitegemea hesabu ya marejeo ya faili lake. Uzi mmoja ulipofunga faili, hesabu ilishuka hadi sifuri na kazi ya kukifuta kipande ikaanza, lakini namba yake ilikuwa bado kwenye jedwali la vitambulisho. Katika mwanya huo mfupi, uzi wa pili uliweza kukitafuta kwa namba hiyo, kukipata, na kupandisha hesabu kutoka sifuri kwenda moja. Uzi wa kwanza uliendelea kukifuta, na wa pili ukabaki umeshika kitu kilichokufa. Dawa ilikuwa kukipa kipande hesabu yake chenyewe na kukiondoa kwenye jedwali chini ya kufuli lilelile linalolinda utafutaji.

Kanuni inayotokana na kisa hicho ni hii: jedwali la utafutaji na hesabu ya marejeo lazima vilindwe na kufuli moja, na kitu ambacho hesabu yake imefika sifuri kisifufuliwe kamwe. Kwenye kerneli, `refcount_t` hutoa onyo ukijaribu kupandisha kutoka sifuri. Itumie badala ya namba ya kawaida.

Kisha kuna swali la mchakato kufa. Mtumiaji amesajili kurasa zake, TEE inazitumia, naye akauawa kwa `kill -9`. Draiva inapaswa kuwa imezishika kurasa hizo kwa `pin_user_pages` au kwa njia inayolingana nayo, iiambie TEE iziachilie, isubiri jibu, ndipo izirudishe kwa kerneli. TEE ikikataa kuziachilia, usizirudishe. Kuvujisha kurasa kadhaa ni hasara ndogo. Kuzirudisha wakati upande salama ungali unaandika humo ni kuharibu kumbukumbu ya mchakato mwingine usiohusika, bila dalili yoyote inayoelekeza kwako. Toa onyo kwenye logi ya mfumo, ziache, endelea.

Hali hiyohiyo hutokea kerneli nzima inapobadilishwa kupitia kexec, yaani kerneli moja inapowasha nyingine moja kwa moja. Kerneli mpya haijui kwamba kurasa fulani zimesajiliwa upande salama. Ndiyo sababu draiva ya OP-TEE hutumia kazi ya kuzima mfumo ili kufuta akiba ya kumbukumbu ya pamoja iliyobaki upande wa pili. Weka kazi kama hiyo tangu toleo la kwanza la draiva yako.

Jambo la mwisho hapa ni yaliyomo kwenye kumbukumbu hiyo. Programu ya mtumiaji inaweza kubadilisha baiti wakati TEE inazisoma. Kerneli haiwezi kulizuia hilo bila kunakili kila kitu, kwa hiyo andika wazi kwenye maelezo ya kiolesura kwamba programu iliyo ndani ya TEE inapaswa kunakili kabla ya kukagua. Ujumbe wa kerneli yenyewe, wenye orodha ya vigezo na anwani halisi, uwekwe kwenye kumbukumbu ambayo mtumiaji hairamani kabisa.

Hatua ya 6: Kusubiri, kukatizwa na kurudia

TEE ina idadi maalumu ya nyuzi. Zikijaa, OP-TEE hurudisha jibu la kwamba kikomo cha nyuzi kimefikiwa, na draiva humweka mwombaji kwenye foleni mpaka wito mwingine umalizike. Ifanye draiva ibebe mzigo huo. Ukimrudishia mtumiaji `-EBUSY`, kila programu itaandika mzunguko wake wa kujaribu tena, na kila mmoja utakuwa mbaya kwa namna yake.

Kuna pia wito wa kinyume, pale TEE inapohitaji kitu kutoka upande wa kawaida, kama kusoma faili. OP-TEE hupeleka maombi hayo kwa `tee-supplicant`, programu ya mtumiaji. Huyu naye anaweza kufa wakati uzi ndani ya TEE unamsubiri. Draiva inapoona faili lake limefungwa, hujibu maombi yote yaliyo kwenye foleni kwa kosa la mawasiliano, ili upande salama uondoke kwenye hali ya kusubiri. Usibuni mahali pa kusubiri pasipo na njia ya kutokea.

Kwa kazi ndefu, ruhusu kuishia katikati. Ioctl ya SGX inayoongeza kurasa kwenye enklevu huandika kwenye `count` idadi ya baiti zilizokwisha kuongezwa, kwa hiyo ishara ikiikatiza, programu inaendelea kutoka pale ilipofika.

Kurudia wito kwa upofu, hata hivyo, kunaweza kuvunja usalama wenyewe. Draiva ya mgeni wa SEV-SNP, yaani iliyo ndani ya mashine pepe, husimba ujumbe wake kwa njia ya usimbaji iitwayo AES-GCM, na namba ya mfuatano wa ujumbe ndiyo huingia kwenye kianzio cha usimbaji. Haipavaiza ikirudisha kosa bila kuufikisha ujumbe, namba haipandi. Draiva ikituma ujumbe mwingine kwa namba ileile, maandishi mawili tofauti yatakuwa yamesimbwa kwa ufunguo na kianzio kimoja, na kinga ya GCM imebomoka. Marekebisho ya mwaka 2022 yalichukua msimamo mkali ambao ninaukubali kikamilifu: ama utume tena ujumbe uleule, ama ufute ufunguo huo wa mawasiliano usitumike tena. Katika kiolesura chako, eleza kwa kila amri kama inaweza kurudiwa, na kwa masharti gani.

Hatua ya 7: Tenganisha makosa ya usafirishaji na makosa ya huduma

Ioctl ikishindwa kwa sababu ombi lina umbo baya au kumbukumbu haitoshi, rudisha `errno`, yaani namba ya kosa ya mfumo. Ioctl ikifika upande salama na huduma ikakataa, rudisha sifuri, na uweke jibu la huduma kwenye sehemu yake. Mfumo mdogo wa TEE una `ret` na pia `ret_origin`, inayosema kosa limetoka kwenye maktaba, mawasiliano, TEE yenyewe, au programu iliyo ndani yake. Ukigeuza kila kitu kuwa `-EIO`, anayechunguza tatizo usiku hatakuwa na pa kuanzia.

Hatua ya 8: Ruhusa

Tenganisha milango. Programu za kawaida hutumia `/dev/tee0`, na `tee-supplicant` hutumia `/dev/teepriv0`, ili ruhusa za kawaida za mafaili zitoshe kuwatofautisha. Utambulisho wa mwombaji usitoke kwa mwombaji: kikao kikifunguliwa kwa jina la mtumiaji au kundi, kerneli ndiyo hukokotoa UUID yake kutokana na uid (namba ya mtumiaji) ya mchakato, au gid (namba ya kundi) ambayo imethibitisha kwamba mchakato umo. Vilevile, njia za kuingia kati ya 0x80000000 na 0xBFFFFFFF zimetengwa kwa kerneli, na mtumiaji akizijaribu hukataliwa.

Kumbuka pia kwamba mwenye mamlaka yote naye hukosea. Mwaka 2016 ilibainika kwamba kufuta kila kitu kwenye mfumo, pamoja na saraka ya vigeu vya UEFI (programu dhibiti inayowasha kompyuta), kuliziua kabisa baadhi ya kompyuta ambazo programu dhibiti yake haikuweza kuwaka bila vigeu hivyo. Kuanzia toleo 4.5, efivarfs, mfumo wa mafaili unaoonyesha vigeu hivyo, huviwekea vigeu vingi alama ya kutobadilishwa, na msimamizi lazima aiondoe kwanza. Amri yako ikiweza kuharibu kifaa moja kwa moja, iwekee hatua ya pili ya makusudi.

Hatua ya 9: Majaribio

OP-TEE huendeshwa vizuri ndani ya QEMU, programu inayoigiza maunzi, kwa hiyo hakuna sababu ya kusubiri bodi. Washa KASAN na lockdep, zana za kerneli za kunasa kasoro za kumbukumbu na za kufuli, endesha `xtest`, majaribio ya OP-TEE yenyewe, kisha andika maelezo ya ioctl zako kwa ajili ya syzkaller, zana inayobuni wito nasibu kwa kerneli, ili itume maombi ambayo akili ya kawaida haiwezi kuyawaza.

Majaribio ninayoyathamini kuliko yote ni ya vifo. Anzisha wito mrefu na uue mchakato katikati. Ua `tee-supplicant` wakati TEE inaandika faili. Funga faili la kumbukumbu ya pamoja kwenye uzi mmoja huku mwingine ukilitumia, mara elfu nyingi mfululizo. Fanya kexec kurasa zikiwa bado zimesajiliwa. Baada ya kila jaribio, linganisha idadi ya kurasa zilizoshikwa na ilivyokuwa mwanzo, na ufungue kikao kipya kuhakikisha kwamba TEE ingali inajibu. Hesabu ikitofautiana hata kwa ukurasa mmoja, rudi Hatua ya 5 kabla ya kutuma viraka vyako vikapitiwe.